Maua ya lupango yenye inaua ngombe

Ngombe ya kwanza ilikufa siku ya nane. Ya pili ilipona, lakini masikio yake imebaki sawa ngozi ya kiatu chenye mutu alisahau inje, kwenye jua. Mwenyewe ni muchimbaji wa hapa Nizi, kijana wa miaka makumi tatu na kitu. Alifanya miaka ine ndani ya mashimo mbele ya kupata franga za kununua hizo ngombe mbili, na zilikuwa za mahari. Alizinunua soko. Muchungaji alizileta kwa miguu, siku mbili, na njia yote hazikupata nafasi ya kula vizuri. Usiku wakazifunga ndani ya parseli ya baba mudogo wake, karibu na lupango ya maua mazuri, ya manjano na nyekundu. Asubuhi ile lupango ilikuwa imepunguka. Matawi imebaki wazi, majani imeliwa mpaka kwenye urefu wa kichwa cha ngombe. Hakuna mutu alijali. Ni maua tu.

Kesho yake ngombe zikakataa kula. Zikatafuta kivuli na kukataa kutoka. Mavi ikakauka, macho ikawa manjano. Ile yenye ilikuwa na mudomo mweupe, pua yake ikawa nyekundu, ikapasuka, na kisha siku chache ngozi ikaanza kubambuka. Wiki haijaisha, watu wa kartye walikuwa wamekwisha kutamka lile neno sisi wote tunajua: sumu. Nani alipita hapa usiku? Nani iko na wivu juu ya ndoa ya huyu kijana? Wakataja jina la muchungaji, juu alikuwa mutu wa mulima mwingine. Na hapa kwetu Djugu, tangu mwezi wa 12 mwaka wa 2017, tunajua neno moja sawa hilo linaweza kufika wapi.

Wenyewe walituomba tusiandike jina ya mutu yeyote, na tumekubali. Muchungaji hakuguswa. Muzee mumoja, mwenye alichunga ngombe tangu utoto wake, alikuja kuangalia. Alishika kichwa cha ngombe, akafungua jicho yake na kidole, akauliza swali moja tu: "Usiku ya kwanza ilikula nini?" Wakamuonyesha lupango. Muzee akasema: "Basi muache huyu mutoto wa watu aende kwao. Mwenye kuua, mulimupanda ninyi wenyewe."

Tulienda kuona hiyo lupango. Kisha tukapanda milima, juu tulisikia kwamba kule ile muti haiko tena lupango, imekuwa pori.

Namna ya kuitambua

Jina yake ni lantana. Wafaransa wanaita vilevile lantana, na wale wa masomo wanasema Lantana camara. Kila mulima iko na jina yake, na wengi wanasema paka "maua ya lupango". Haiko muti ya Afrika. Ilitoka Amerika ya joto. Waholandi waliipeleka Ulaya katika miaka ya 1600, wakaipanda ndani ya bustani, juu maua yake inapendeza na haiogope jua. Kutoka pale ikatembea na wazungu mupaka India, Australia, Afrika ya Kusini na kwetu: bustani za misioni, za plantasyo, za nyumba za wakubwa. Hakuna mutu aliileta kwa ubaya. Ilitafutiwa uzuri wake, na mupaka leo mama mwenye anataka parseli yake ionekane safi anavunja tawi kwa jirani na kulichomeka chini. Linashika.

Kuitambua haiko kazi ya agronoma. Shika shina yake na vidole, polepole, juu iko na miiba midogo yenye kupinda sawa ndoano. Utasikia kwamba shina haiko ya muviringo, iko na pembe ine. Majani inatoka mawili mawili, moja huku na lingine kule, inatazamana. Pitisha kidole juu ya jani: linakwaruza sawa ulimi wa paka. Lisugue, nusa. Ile harufu kali, ukiinusa mara moja, hautaisahau.

Maua ni madogomadogo, yamekusanyika pamoja sawa kifungo cha koti. Katikati ni manjano, pembeni ni rangi ya machungwa, ao nyekundu, ao ya waridi. Ua moja linaanza na rangi moja na kuzeeka na rangi ingine, ndiyo maana kichwa kimoja kinaonyesha rangi mbili ao tatu kwa wakati mumoja. Kisha inakuja matunda, yanafungana sawa zabibu ndogo: ya kijani kwanza, halafu nyeusi yenye kung'aa.

Hapa tunapashwa kusema neno juu ya ndugu yake, sababu watu wengi wanachanganya. Kuna lantana ya kwetu, ile ya kienyeji. Yenyewe mara nyingi inatoa majani matatu matatu pahali pamoja kwenye shina, haina miiba, ua lake ni la rangi moja, la waridi ao zambarau, na matunda yake ni ya zambarau na matamu. Watoto wanaikula tangu zamani na haiwafanye kitu. Hiyo muiache. Na ile muti mirefu ya pembeni ya barabara yenye ua kubwa la manjano sawa alizeti, hiyo haiko lantana hata kidogo, ni titonia. Titonia nayo ilitoka mbali, lakini majani yake inaweza kurutubisha shamba. Tuliona vijana wawili wamekata titonia siku nzima wakifikiri wanaua lantana. Lantana ilikuwa nyuma yao.

Juu ya watoto, wazazi wasikie: matunda ya lantana ya miiba, zaidi ile ya kijani, haiko chakula. Kuna watoto wamekula yenye kuiva na hawakuona kitu, hiyo ni kweli, lakini mutoto wa miaka tatu hajui kuchagua rangi.

Inafanya nini ndani ya ngombe

Ndani ya majani ya lantana kuna sumu yenye inashambulia maini. Ngombe ikila majani ya kutosha, maini inashindwa kutoa nyongo. Hapo mambo mawili inatokea pamoja. La kwanza, tumbo kubwa linasimama. Halisagi tena. Na juu limesimama, yale majani inabaki ndani, na sumu inaendelea kuingia ndani ya damu kila siku, hata kama ngombe haijaongeza jani lingine. La pili, kuna kitu chenye kinatoka ndani ya majani ya kijani yote yenye ngombe inakula. Kwa kawaida maini inakitupa inje pamoja na nyongo. Maini ikigonjwa, kile kitu kinapita ndani ya damu mupaka kwenye ngozi, na pale jua linakikuta na kuchoma. Ndiyo maana inaanza pahali peupe: pua, mudomo, macho, masikio, matiti. Ngombe nyeusi inaweza kugonjwa sana bila ngozi kubambuka, na watu wanasema "hii ilikuwa na ugonjwa mwingine". Hapana. Ni ileile.

Ni majani kiasi gani? Wenye kuchunguza hii sumu wanasema majani mabichi ya uzito wa kilo moja kwa kila kilo mia moja za ngombe inaweza kutosha. Ngombe ya kilo 300, ni kilo tatu: beseni moja yenye kujaa. Lantana zote haziko na sumu sawasawa, na mara nyingi zile za maua nyekundu zinahesabiwa kuwa kali zaidi, lakini mutu asichague lupango yake kwa kufuata rangi.

Swali lenye wachimbaji walituuliza sana ni hili: kama iko sumu, juu ya nini ngombe za wenyeji zinapita hapo kila siku na hazife? Ni swali zuri. Ngombe yenye ilizaliwa karibu na lantana haiipende. Harufu inaikataza, na kama kuna majani mengine, haitaigusa. Yenye kukufa ni ngombe yenye njaa, ngombe mugeni, ngombe yenye ilitembea mbali, ao ile yenye kufungiwa usiku bila kitu kingine cha kula. Sasa fikiria ni ngombe za nani hizo. Ni za mutu mwenye kutoka shimoni na franga, anaenda soko, ananunua, anafunga ndani ya parseli. Ni za familia yenye kukimbia na mifugo yake usiku, na asubuhi inajikuta kwenye mulima wenye haijui. Kwetu Ituri karibu ngombe zote zimekuwa wageni siku moja ao ingine.

Kuna wakati wa jua pia, mwezi wa 12 mupaka wa 2. Majani yote imekauka, lantana yenyewe ingali na kijani.

Kama jambo limekwisha kutokea, saa za kwanza ndizo zinapima. Toa ngombe hapo, iweke kwenye kivuli cha kweli, ndani ya nyumba kama iko, na isitoke kwenye jua mupaka ipone. Ipe maji mengi. Ita veterineri siku ileile, usingoje pua ipasuke. Dawa yenye ilisaidia ngombe katika inchi zingine ni makala ya dawa, yenye kutengenezwa katika viwanda kusudi ikamate sumu ndani ya tumbo. Wanaipima mupaka nusu kilo kwa kila kilo mia moja za ngombe, ndani ya maji mengi, na kuipitisha kwa mupira. Makala ya jikoni haiko kitu kimoja nayo. Na kumimina maji kwa nguvu ndani ya kinywa cha ngombe bila kujua, unaijaza mapafu, unaiua wewe mwenyewe.

Veterineri anahitajiwa juu ya sababu ingine pia. Macho ya manjano na mavi yenye kukauka inaweza kutoka kwa ugonjwa wa kupe. Hizo mbili zinafanana mwanzoni, na dawa zao ni tofauti. Alama yenye inaelekeza kwenye lantana ni ile ngozi nyeupe yenye jua linachoma, na majani ya lupango yenye kuliwa. Kwa hiyo mbele ya kusema "sumu", zunguka lupango. Ni dakika tano.

Tena, nyama ya ngombe yenye ilikufa na ugonjwa haiuzwe. Tunajua ni vigumu kusikia hilo wakati mutu amepoteza miaka ine ya kazi.

Kule juu

Tulitoka Nizi asubuhi, tukapita Iga Barrière, na kupanda upande wa Lopa pamoja na muzee na vijana wawili. Mutu mwenye alijua hii milima mbele ya vita anaikumbuka wazi, majani mafupi, ngombe zinaonekana tangu mbali sawa mawe. Leo kuna pahali pengi pangali vile, Mungu asifiwe. Lakini katika mabonde, pembeni ya vijito, kwenye matongo ya nyumba zenye kuchomwa, lantana imesimama kupita kichwa cha mutu. Inafungana moja na ingine. Ngombe haipiti, mbuzi inapita kwa shida. Mwanamuke mwenye tulikuta anateka maji alituonyesha njia yake ya zamani: imefungwa, sasa anazunguka. "Na sitaki kupita ndani," alisema, "sijui nani ao nini imelala mule." Kwa mutu wa Djugu, kichaka karibu na maji haiko tu jambo la majani.

Muzee alitueleza namna pori lilishinda, na tunafikiri maelezo yake inafaa kupita zile tumesoma. Kuna njia mbili, na zinapingana. Mulima wa kwanza, watu walikimbia. Ngombe zikaibwa, hakuna meno ya kukata, hakuna mukono wa kungoa. Lantana zenye zilikuwa kwenye malupango zikabaki bila mwenyewe, ndege wakala matunda, wakaacha mbegu chini ya kila muti na kila jiwe lenye walikalia. Muti mumoja mukubwa unaweza kuzaa matunda 12.000 kwa mwaka mumoja. Mulima wa pili, karibu na pahali penye usalama, ikawa kinyume: kila mutu alileta ngombe zake pale. Zikakula majani mupaka kwenye udongo. Udongo wazi, jua mingi, hakuna majani ya kubishana nayo: hapo ndipo lantana inapenda. Ikisimama, kivuli chake kinaua majani yenye kubaki chini yake, na mizizi na majani yake yenye kuanguka inatoa kitu chenye kinazuia mimea ingine kuota vizuri. Ngombe zinasongana zaidi kwenye kipande chenye kubaki, zinakikwangua, na kipande hicho nacho kinakuwa cha lantana.

"Malisho haiishe siku moja," alisema. "Inapunguka sawa pesa ndani ya mufuko yenye kutoboka. Unajua tu siku unaingiza mukono."

Kuchoma moto, kama tunavyozoea kila wakati wa jua, haiimalize. Moto unachoma majani ya ngombe na unaacha mizizi ya lantana hai. Mvua ya kwanza ikija, ni yenyewe inachipuka, na sasa iko peke yake.

Sisi watu wa mashimo tuko na sehemu yetu pia, tusijifiche. Tukifungua udongo, tukikata miti ya kushikilia shimo, tukiacha kilundo cha muchanga na kwenda kwenye shimo lingine, tunatayarisha kitanda. Kando ya mashimo ya zamani karibu na Nizi tulihesabu vichaka kumi na saba, kwa kutembea dakika makumi mbili. Hakuna mutu alivipanda. Ndani ya pori zito la Kilo ao la upande wa Mambasa haitakusumbua, juu haipendi giza. Inafuata jua, barabara, na jembe.

Majirani walijaribu nini

Ngambo ya ziwa Albert, Uganda, wanapigana nayo tangu zamani. Mwanzo wa miaka ya 1960 walileta mududu mudogo sana, bapa, wenye kunyonya majani ya lantana. Mududu ulifanya kazi, vichaka vikakauka pahali pengine. Kisha, upande wa Serere, lantana ilipokauka, ile midudu ilitafuta chakula kingine na kuingia ndani ya mashamba ya ufuta. Haikudumu huko, lakini wakulima hawakucheka. Na lantana ikachipuka tena. Mutu akikuambia kwamba kuna dawa moja ya kuimaliza yote, umukumbushe Serere.

Kule Busoga, Uganda hiyohiyo, jambo lilikuwa kubwa kupita majani. Tangu 1976 ugonjwa wa usingizi ulipiga watu wengi, na wenye kuchunguza wakaona kwamba mbungo zilikuwa zinapumzika na kuzaana ndani ya vichaka vya lantana, karibu kabisa na nyumba na mashamba ya kahawa yenye kuachwa. Inzi zenye zilikaa zamani kandokando ya maji zilipata kivuli mulangoni mwa watu.

Kazi ya barmini

Hapa ndipo tunarudi kwa wachimbaji, juu hii kazi ni yao kupita ya mutu mwingine. Panga haisaidie. Ukikata lantana na panga, chini ya udongo inabaki kichwa cha muzizi, na kila jicho lake linatoa shina mupya. Ulikuwa na mashina tatu, utakuwa na tisa. Kungoa na mikono inafaa tu kwa midogo, kisha mvua, wakati udongo ni laini. Mikubwa inaombwa kuchimbwa. Unazunguka kichwa cha muzizi, unakata mizizi ya pembeni, unaingiza barmini chini, unainua. Kile kichwa kinatoka sawa jino. Vijana wawili wenye tulikuwa nao walitoa vichaka mbele ya saa sita kupita vile tulifikiri, na walikuwa wanacheka: hakuna maji ya kuvuta, hakuna gema ya kuanguka, na haiwafikie hata magoti. Walivaa mikono mirefu, na mumoja alifunga mifuko kwenye viganja.

Chenye kutoka kisilazwe kwenye udongo wenye maji, shina linaweza kushika mizizi tena. Kiweke juu ya mawe, mizizi ikitazama mbingu, mupaka ikauke kabisa. Wengine wanaipika nayo chakula. Usikokote matawi yenye matunda kupita katikati ya malisho, unapanda njia nzima. Na usitupe ndani ya kijito.

Pa kuanzia ni pale iko kidogo. Watu wote wanataka kushambulia kichaka kikubwa kwanza, ni hasira. Lakini kichaka kikubwa kitangoja. Mimea mitano mipya kwenye malisho yenye ingali safi, ndiyo ya kungoa leo. Kisha njia ya maji. Kisha lupango za karibu na pahali pa kulaza ngombe. Kichaka cha zamani kinakuja mwisho, kipande kwa kipande, na kila kipande chenye umefungua upande majani ya ngombe hapohapo, setaria, tripsakumu, ao majani ya kienyeji yenye kutambaa, ukate vipande vyake kwa jirani. Ukiacha udongo wazi, umetumika bure. Na utarudi: kisha miezi miwili, kisha sita, na mwaka wenye kufuata, juu mbegu zinaweza kungoja ndani ya udongo miaka mingi. Dawa ya kuua majani yenye inauzwa soko inaweza kusaidia kama unaipaka kwenye kisiki saa ileile umekata, lakini kuipulizia ovyo karibu na kijito chenye watu wanakunywa, hiyo hatuishauri mutu.

Juu ya lupango, watu wa Kivu wanapanda miyenzi, na maziwa yake inachoma macho, mujihazari na watoto. Ficus inakawia lakini inakaa. Drasena iko pia, na haiombe kazi.

Tulirudi kwa yule kijana mbele ya kuandika. Alikuwa amechimba lupango yote, mita makumi mbili na kitu, siku mbili, yeye na PDG wa shimo lake. Ngombe yenye ilipona ilikuwa kwenye kivuli cha muembe, nywele imeanza kurudi kwenye pua. Familia ya binti imekubali kupokea hiyo moja, na kumungojea kwa ingine. Muchungaji naye aliitwa, akapewa kuku na neno la kuomba musamaha, na alikula kuku pamoja nao pale pale. Tukiwa tunaaga, muzee aliinama chini ya muembe, pahali ndege wanakaa, akangoa kitu na vidole viwili na kutuonyesha: majani mawili madogo yanatazamana, yenye kukwaruza. Akaangalia vizuri. Zilikuwa zingine kumi na moja.